Mtangazaji wa Kulungu

Ukimuuliza Elphas alikuwa akifanya kazi gani Riyadh atakujibu "dereva", na hata ikama yake, kibali chake cha kuishi huko, ilisema hivyo, lakini wapi! Gari aliliendesha, sikatai. Ila kazi iliyokuwa ikimwamsha Alhamisi kabla hata simu haijalia, kazi iliyomtia kiburi na baadaye ikamtia aibu, ilikuwa kumweleza mzee kipofu jinsi kulungu wawili walivyogonganisha pembe.

Twende polepole. Elphas ni mtu wa Shinyalu, kule Kakamega, ambako fahali hupiganishwa asubuhi na watu wazima na akili zao huacha mahindi yaliwe na nyani ili wasipitwe. Fahali wa huko ana jina, ana ukoo, ana mashabiki. Kijijini kwao Elphas, fahali alikuwa na mtangazaji pia. Usifikirie redio. Ni mtu tu mwenye mdomo, anayekimbia kando ya fahali akipaza sauti, ili walio nyuma wasioona kitu kwa wingi wa vichwa wajue nani kasukuma na nani karudi nyuma. Elphas aliishika kazi hiyo akiwa na miaka kumi na tisa na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Fahali mmoja akigeuka kukimbia, yeye hupiga ukelele: "Amekwisha!" Na huyo kweli amekwisha, kwa sababu fahali aliyekimbia mbele za watu hana tena faida kwa mwenyewe, na mara nyingi wiki haiishi kabla hajafika kwa bucha.

Mwaka wa 2013 ajenti mmoja wa Nairobi alimpeleka Jeddah. Kwa mwaka mmoja na nusu alipakia katoni za maji katika stoo moja, akalala mtaa wa Ghulail na wanaume wengine saba kwenye chumba kimoja, na Kiarabu chake akakiokota kwenye lori: yalla ya twende, halas ya imekwisha, mafi ya hakuna, na matusi ambayo sitayaandika. Dada yake Sellah alikuwa huko huko Jeddah, mfanyakazi wa ndani kwa familia moja yenye watoto sita, na kwa sababu watoto hawanyamazi, Kiarabu cha Sellah kilikuwa kimekomaa. Cha Elphas kilikuwa cha kubebea mizigo.

Kisha kafili wake, mdhamini aliyeshika mkataba wake, akamhamishia Riyadh, kwa shemeji yake aliyehitaji dereva. Huyo ndiye mzee Nasser, ambaye wote walimwita Baba. Mzee huyu alikuwa ameuza majoho katika soko la Al-Dirah kwa miaka arobaini, majoho ya sufu yenye uzi wa dhahabu shingoni, na aliweza kulipapasa joho gizani akakwambia limeshonwa na fundi yupi. Bahati mbaya giza lilimjia kweli. Kisukari kilichukua jicho la kushoto, kikapumzika, kikachukua la kulia. Elphas alipofika, mzee alikuwa hajaona kitu kwa miaka miwili.

Na nyumba nzima ilikuwa imejifunza kumbeba. Binti zake walimshika kiwiko. Mwanawe Turki, mwanamume wa miaka arobaini ambaye kanzu yake haijawahi kuonekana na mkunjo, alimbusu kichwani kila asubuhi, kisha akamwongoza kama mtu aliyeshika trei ya mayai. Mzee akisimama, watu watatu husimama. Akikohoa, maji hufika. Elphas alikuwa hajawahi kuona mtu anayependwa hivyo, na hakujua ni kwa nini mzee mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

Kitu kimoja tu ndicho kilichoufungua uso huo, nacho kilikuwa shamba. Lilikuwa nje ya mji, njia ya Al-Kharj, mitende na majani yaliyomwagiliwa mpaka yakasahau kwamba yako jangwani. Humo mzee alifuga kulungu wa mabaka meupe waliotoka India, kama thelathini. Wueh! Siku ya kwanza Elphas alisahau kufunga mlango wa gari. Yeye alizoea pembe za fahali, pembe mbili zilizonyooka na shughuli yao inayoeleweka. Hizi zilikuwa na matawi! Mnyama kabeba mti mkavu kichwani na bado anatembea bila kupiga kelele. Halafu mtunza shamba akamwambia kwamba kila mwaka pembe hizo hudondoka zenyewe na kuota upya, na Elphas akamtaka aape. Akaapa. Elphas akaona bado haitoshi, akaenda kuiokota moja iliyodondoka chini ya mtende, akaishika kwa mikono miwili, akahesabu matawi yake moja moja.

Dume mkuu alikuwa mzee, tawi moja la pembe yake limevunjika, na Baba ndiye aliyemlisha kwa chupa alipokuwa mchanga. Waarabu walimwita Shaiba, yaani mwenye mvi, na Elphas alifurahi sana kugundua kwamba hata Kiswahili kina shaibu, mzee wa kupindukia, basi akamwita Shaibu na hakuna aliyemrekebisha. Dume la pili lilikuwa kijana, limejaa shingo, jina lake Harami, mwizi, kwa kuwa lilidokoa lishe ya wenzake bila haya.

Mwaka wa 2016 Turki alinunua kamera saba. Zilikuwa kamera za kufunga kwenye mti, ndogo kama mkate wa nusu, na kitu chochote kikipita mbele ya mojawapo, inajiwasha yenyewe na kupiga video fupi. Alikuwa akitafuta mbwa waliokuwa wakipenya uzio wa shamba. Kila Alhamisi Elphas alienda shambani, akatoa kadi za kamera, akaweka nyingine, akarudi mjini, akaketi chini kwenye zulia la sebule ya wanaume na laptopu mapajani. Mbwa hawakuonekana. Kilichoonekana ni Shaibu na Harami, alfajiri baada ya alfajiri, kichwa kwa kichwa.

"Unaona nini?" Baba akauliza siku ile ya kwanza. Kiarabu chao nakuwekea kwa Kiswahili, maana cha Elphas kilikuwa kigumu hata kwa Waarabu.

"Madume wawili, Baba. Wanasukumana."

"Nani na nani?"

"Shaibu na Harami."

Mzee akakaa wima. "Nieleze."

Sasa mwambie mtu wa Shinyalu akueleze pambano! Kiarabu kilimwisha Elphas kwenye sentensi ya pili, basi akaongeza mikono, akaongeza miguu, akaongeza kukoroma kwa fahali. Alipiga zulia kwato. Harami alipomrudisha Shaibu hatua mbili na Shaibu akatoa pembe zake na kugeuka, Elphas aliruka juu akapiga ukelele wake wa nyumbani, akautafsiri papo hapo kwa neno pekee lililokuwa karibu: "Halas! Shaibu halas!"

Mzee alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na binti mmoja akaja mbio akidhani amepaliwa. Turki alisimama mlangoni akashangaa, kwa sababu kicheko hicho kilikuwa hakijasikika nyumbani tangu macho yazimike.

Basi hapo ndipo kiburi kilipomwingia jamaa yetu. Alhamisi iliyofuata alitia chumvi kidogo. Iliyofuata, akatia kijiko kizima. Baba alikuwa mfugaji, na wafugaji huuliza maswali ya maana. Swali lake lilikuwa moja kila mara: "Masikio yakoje?" Elphas hakuwahi kuyatazama masikio. Nani hutazama masikio pambano likiwa limechacha? Lakini alijua fahali mwenye hasira hulaza masikio, na alijua masikio yaliyolala yanasikika vizuri katika hadithi, basi akajibu: "Yamelala, Baba! Yamelala nyuma kabisa!" Mzee alikuwa akivuta pumzi, "Allah!", na Elphas akiendelea kwa nguvu mpya. Na kila video iliishia pale pale: Halas, Shaibu halas.

Ilienda hivyo wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na moja mzee hakucheka.

"Ni mara kumi na moja sasa," akasema. Alikuwa akizihesabu! "Masikio yamelala, kila mara. Hiyo ni vita. Harami atamtoboa tumbo, na mimi nitaletewa habari ya mzoga." Akageuza uso upande wa mwanawe, aliyekuwa ameketi kando. "Kesho Ijumaa wanakuja shemeji zangu kutoka Jeddah. Shaiba atachinjwa kwa ajili yao, kwa jina la Mungu na kwa heshima, mikononi mwangu. Ni bora hivyo. Turki, mwite mwenye visu."

"Sawa, Baba," akasema Turki.

Elphas alitoka nje. Ilikuwa Alhamisi, alasiri. Aliketi kwenye chumba chake kando ya geti akampigia Sellah Jeddah, na Sellah alipokea huku akikaanga kitu, watoto wakilia nyuma. Elphas alimweleza yote, hata ya masikio.

"Elphas," Sellah akasema baada ya kumsikiliza, "wewe na huo mdomo wako! Mama alisema utakuua, kumbe utaanza na mnyama wa watu."

"Sasa nifanye nini?"

"Uliyaona hayo masikio au hukuyaona?"

"Sikuyaona."

"Basi kayaone kwanza. Halafu umwambie mzee wa watu ukweli. Akikufukuza, amekufukuza." Kitu kikaungua jikoni kwake, simu ikakatika.

Hivyo Elphas akafungua laptopu, na kwa mara ya kwanza akazitazama video zote akiwa amefunga mdomo. Nakwambia, ni kama hakuwa amewahi kuziona. Masikio ya Shaibu yalikuwa yamesimama, yamelegea kwa pembeni, sikio moja likifukuza nzi. Ya Harami vile vile. Manyoya ya shingo yamelala. Hakuna jicho jeupe, hakuna kwato inayochimba ardhi. Akarudisha video nyuma, akarudisha tena. Aliyekuwa akianza hakuwa Harami. Shaibu ndiye aliyekuwa akitoka kwenye majike, akavuka uwanja mzima kwa hatua zake za kizee, akaenda kumtafuta kijana pale alipokuwa akila.

Na Harami akafanya nini? Hapa Elphas aliiweka laptopu kwenye kitanda na kupiga magoti mbele yake, kwa sababu kukaa kitako kulionekana ni utovu wa adabu. Harami, yule mwizi, shingo nene kama gunia, aliinamisha kichwa mpaka pua ikagusa majani, akangoja. Akangoja mzee apange matawi yake ndani ya matawi ya kijana, taratibu, tawi kwa tawi, kama mtu anayetafuta ufunguo. Pale pembe ya Shaibu ilipovunjika, Harami aligeuza kichwa kidogo ili pengo lile lisimwache mzee akiteleza. Elphas alirudia kipande hicho mara tisa. Haki ya Mungu, aligeuza kichwa! Kisha ndipo wakasukumana. Hatua mbili huku, hatua mbili kule. Wakaachana, wakala majani bega kwa bega. Shaibu akatazama upande wa uzio, akamkumbuka mwenzake, akarudi, na kijana akainama tena.

Na pale ambapo Elphas alikuwa akiruka na kupiga kelele ya halas, Shaibu alikuwa amechoka tu. Alitoa pembe zake, akageuka, akaenda zake polepole, na Harami hakumfuata hata hatua moja. Fahali wa Shinyalu angemfukuza mshinde mpaka mtoni! Huyu alisimama akamtazama mwenzake akiondoka, kisha akajikuna.

Elphas aliona machozi yanamtoka na hakujua ni ya nini hasa. Ya aibu, ndiyo. Lakini zaidi ilikuwa ile hali ya kuingia mahali patakatifu ukiwa na viatu na kelele. Wiki kumi na moja wanyama hawa walikuwa wakifanyiana adabu ambayo binadamu hufundishwa miaka na bado haishiki, na yeye alikuwa akiipigia ukelele wa bucha.

Asubuhi ya Ijumaa alimpeleka Baba shambani. Turki alikuwa ametangulia na gari lake. Barabara ilikuwa tupu, na Elphas akayaanza maneno mara tatu, akayameza mara tatu.

"Baba. Mafi vita."

"Nini?"

"Shaibu na Harami. Mafi vita. Mafi halas. Masikio hayakulala. Mimi nilisema uongo, Baba."

Wakapita kituo cha mafuta, ndipo mzee akauliza: "Kwa nini ulisema uongo?"

"Ulikuwa unacheka."

Elphas aliangalia barabara kwa sababu hakuweza kuangalia kioo.

"Basi wanafanya nini, kama si vita?"

Na hapo neno likakosekana. Ungekuwa wewe ungesemaje? Alijaribu "wanacheza", na mzee akatikisa kichwa kwa ukali. Dume la umri huo halichezi, usimfanye mtoto. Alijaribu "wanasalimiana", na mzee akasema salamu haina kusukumana. Alijaribu "marafiki", na hata yeye akaona anaharibu.

"Sikiliza, Elphas," mzee akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Una huruma na mnyama, ni vizuri. Lakini mimi macho yangu ni mdomo wako. Jana mdomo ulisema yamelala, leo unasema yamesimama. Nitajuaje ni lini naona?"

Walifika shambani. Shaibu alikuwa amefungiwa kwenye zizi dogo, kamba shingoni, anatafuna bila wasiwasi wowote. Mwenye visu alikuwa ametandaza kitambaa chake chini ya mtende na kuvipanga visu juu yake, na Turki alikuwa akimwelekeza kwa kidole. Mara akaja kumpokea baba yake, akamshika kiwiko, akamwongoza: hapa kuna jiwe, Baba, hapa kuna bomba. Elphas alitembea nyuma yao. Hatua ishirini zilikuwa zimebaki, na yeye, mtu wa maneno tangu utoto, hakuwa na hata neno moja la kumwokoa mnyama.

Akapita mbele yao. "Baba, simama. Tafadhali simama."

Wakasimama. Elphas alivua kofia. Aliinamisha kichwa mpaka kikawa chini ya kidevu cha mzee, akangoja hapo, mikono mgongoni.

"Unafanya nini wewe?" Turki akauliza.

"Baba, weka kichwa. Hapa. Kichwa chako kwa kichwa changu."

"Una wazimu! Toka mbele ya baba yangu!" Turki akamshika bega, na Elphas hakuondoka, na anasema mpaka leo kwamba hapo ndipo alipoiona tiketi ya kurudi Nairobi kwa macho yake mawili. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshanyooka, ukapapasa nywele, ukapapasa paji la uso, mkono uliokuwa ukisoma majoho.

"Mwache," Baba akamwambia mwanawe. Na polepole, kama mtu anayeshuka kisimani, akainama na kuweka paji lake juu ya paji la dereva wake.

Elphas alisukuma.

Alisukuma kidogo, kisha zaidi kidogo. Alisikia pumzi ya mzee ikishtuka. Mguu wa Baba uliteleza mchangani, na Turki akapiga yowe, na mzee akasema "Mwache!" kwa sauti iliyowahi kuamuru duka zima, kisha akajipanga, akakita miguu, akasukuma. Na alikuwa na nguvu! Elphas hakutarajia. Alirudi hatua moja, mbili, egali, ile kamba nyeusi, ikaanguka kutoka kichwani mwa mzee na kilemba chake kikaifuata. Elphas akasimama, akamrudisha hatua mbili. Akalegeza. Akamwacha apumue, kichwa bado kwa kichwa. Mzee akaanza tena yeye mwenyewe. Jasho likamtoka kipofu yule kwenye baridi ya asubuhi, na meno yake yakaonekana.

Mwishowe mzee alichoka, akainua kichwa, akarudi nyuma. Elphas hakumfuata. Alibaki alipo, mikono mgongoni.

"Hivi, Baba," akasema akihema. "Wao, hivi. Shaibu anachoka, anaenda. Harami anabaki."

Mzee alikuwa akihema pia. Midomo yake ilikuwa ikitafuta kitu. "Yijarrib," akasema. Kisha kwa nguvu: "Yijarrib! Anamjaribu mwenzake!"

"Jaribu!" Elphas akapiga kelele. "Ee Mungu wangu, jaribu! Kwetu ni jaribu! Wanajaribiana!" Neno lenyewe lilikuwa kinywani mwake tangu darasa la kwanza, Kiarabu tupu, na yeye akazunguka nchi nzima akilitafuta.

Baba hakucheka. Aliinua mkono kumnyamazisha. "Nani huanza?"

"Shaibu. Kila siku. Anavuka uwanja, anamfuata."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba."

"Na wewe, Elphas. Ulisukuma kwa nguvu zako zote?"

Hapo palikuwa pa kutia chumvi. Jibu tamu, la ndiyo, lilikuwa tayari mdomoni, na Turki alikuwa akimkazia macho alitoe.

"Hapana, Baba," akasema.

"Na Harami?"

"Hapana. Kamwe."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele chache nyeupe zimesimama kwa jasho, na kwenye paji palikuwa na alama nyekundu. "Miaka minne," akasema. Aliyekuwa akiambiwa hakuwa Elphas tena. "Miaka minne mnanishika mkono. Mnanibeba, Mungu awalipe, hakuna mzee anayebebwa kama mimi. Na hakuna hata mmoja aliyenisukuma."

Turki alikuwa ameinama kuokota egali na kilemba. Alibaki ameinama.

"Kama kungekuwa na mmoja tu wa kunisukuma," mzee akasema, "mimi pia ningevuka uwanja kila asubuhi nikamtafute. Mfungueni Shaiba. Shemeji zangu watakula kondoo."

Turki akasimama wima, akakung'uta mchanga kwenye kilemba cha baba yake, akaanza kukikunja vizuri ili amvalishe.

"Acha hicho," Baba akasema. "Njoo wewe."

"Baba, utaanguka."

"Njoo."

Turki alimtazama Elphas, kama anayeomba kuelezwa. Elphas akainamisha kichwa chake mwenyewe, akamwonyesha: hivi, chini kabisa, halafu unangoja. Basi mwanamume yule wa kanzu isiyokunjika akaweka kilemba juu ya ukuta wa zizi, akaja mbele ya baba yake, akainama. Mzee alimpapasa mpaka akapata paji. Turki akasukuma, kidogo mno, akaambiwa aongeze. Akaongeza. Miguu minne ikachimba mchanga, na Turki alikuwa akilia kwa sauti kama mtoto na hakuacha kusukuma. Chini ya mtende, mwenye visu akaanza kuvirudisha kimoja kimoja ndani ya kitambaa.